Supu ya Azuka Katika Wadi ya Wazazi

Azuka Nwaokolo aliua watu wengi katika filamu, karibu wote kwa chakula. Watengenezaji filamu wa mji wetu wa Asaba, Nigeria, walimwita kila hadithi ilipohitaji mama mkwe mwenye sumu. Alikoroga supu, akatupa jicho mlangoni, akatabasamu. Watazamaji wakajua ni nani atakayezikwa. Sokoni wauza nyanya walimwomba aelekeze kwa kidole tu, wao wamchagulie. Hakukasirika. Alisema angalau hakuna aliyethubutu kumpa zilizooza.

Nyumbani alikuwa mjane mpole, mlango wake ukitazamana na wangu. Mumewe alipolazwa kwa ugonjwa uliomchukua, Azuka aliona wagonjwa wasio na ndugu wakisubiri wenzao wabakize chakula. Baada ya mazishi, kila alipolipwa ujira wa filamu alinunua viazi vikuu, samaki mkavu na mafuta ya mawese, akapika, nami nikapeleka sufuria hospitalini kwa bajaji yangu. Hakumwita mpiga picha. Mwigizaji mwenzake, ambaye hakuwahi kugawa mchele bila kamera, alimcheka kwamba anatenda wema kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Azuka akamjibu kwamba uso wake ukizidi kuonekana karibu na chakula, hakuna atakayekula.

Hata hivyo watu walikula, kwa sababu moja. Kwetu anayeleta chakula au pombe ya mchikichi ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya anayepokea. Azuka aliingia wadini, akachota kijiko, akala, akafungua mdomo waone kwamba amemeza. Wagonjwa walicheka, kisha wakanyoosha bakuli.

Mwaka mmoja Kwaresima ilipofika, Azuka aliacha kuonja. Binti yake Nkemdi, aliyeolewa Lagos, alikuwa ameharibikiwa na mimba mara kwa mara, na sasa alikuwa na nyingine iliyokwisha kuchomoza. Azuka aliweka nadhiri kanisani: hatatia kitu mdomoni mchana, hata chembe ya chumvi, mpaka Pasaka, ili mtoto huyo akae. Alipika kwa kunusa tu. Kwa muda mambo yalikwenda, kwa kuwa wagonjwa wa zamani walikuwa wamekwisha kumzoea.

Kisha akaletwa Ebele. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike na kupoteza damu nyingi. Mama yake alikwisha kufariki, mumewe yuko kazini mbali, kwenye visima vya mafuta vya mitoni, simu yake haishiki. Kwetu mama humfuata bintiye aliyejifungua, akamkanda kwa maji ya moto na kumpikia supu ya viazi vikuu yenye pilipili, isafishe tumbo na kuleta maziwa. Ebele hakuwa na wa kumpikia. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Sista Amuche, muuguzi wa zamu, alimwambia Azuka kwamba binti huyu asipokula leo, hali itakuwa mbaya kwa wote wawili.

Azuka akamletea supu ile. Ebele alimtazama usoni, akavuta shuka.

"Huyu si ndiye yule?" aliuliza.

"Ndiye," alisema bibi wa kitanda cha pili, Mama Chiedu, aliyekuwa akimuuguza mkwewe. "Jana tu kwenye televisheni kamuua mkwe wake kwa supu hii hii."

"Yule mkwe alikuja kwangu juzi kuazima wigi," Azuka akajibu. "Na hajalirudisha."

Wadi ikacheka. Ebele hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi onja, mama."

Azuka hakugusa kijiko. Nikajitolea kuonja mimi. Mama Chiedu akanipima kwa macho. "Dereva wake? Katika filamu dereva ndiye anayepewa dawa ya kinga."

Sista naye akataka kuonja, lakini Ebele akatikisa kichwa. Akasema aliyeleta ndiye anayeonja. Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu asiye na mwingine wa kumlinda. Mtoto akaanza kulia tena, kilio chembamba kilichokatika katikati.

Azuka alisimama na bakuli mkononi. Aliniambia taratibu, bila kugeuka, "Unajua nimeahidi nini, na kwa ajili ya nani." Nilijua.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafanya ishara ya msalaba, akala. Hakula kijiko kimoja; alikula kipande cha kiazi na samaki, akanywa mchuzi, akafungua mdomo. Kisha akamkabidhi Ebele kijiko kile kile. Binti alianza polepole, jasho la pilipili likamtoka puani, akaomba aongezwe.

Tukirudi, Azuka alipakata sufuria tupu njia nzima. Alijua kwamba kesho wataletwa wengine wasiomjua, na kesho kutwa pia; kijiko kimoja hakingetosha. Ilikuwa ama nadhiri ama sufuria. Jioni alimpigia Nkemdi simu uani, akamweleza yote, akamwomba msamaha. Alikuwa ameiweka simu kwenye spika, nami nikasikia.

"Mtoto wake amenyonya?" Nkemdi aliuliza.

"Amenyonya. Sista kanipigia."

"Basi mama, kesho onja tena. Mimi na huyu wangu tutaomba wenyewe."

Azuka alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia nije mapema asubuhi, maana viazi vya Ebele atavimenya yeye mwenyewe, na safari hii pilipili ataipima kwa ulimi.