Uleteni na Udongo Wake

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, halafu jua likatoka, shangazi yangu huanza kulalamikia kiuno. Anajua uyoga umeota mlimani, na mtaa mzima utamletea vikapu avikague: huu wa kula, huu wa kuua. Miaka thelathini kazi yake ndiyo hiyo, na asante anazopewa hazijazi kibaba.

Sheria yake ni moja: ng'oa, usikate. Uyoga wa sumu una kikombe chini ya shina, na ukiukata kwa kisu, kikombe kinabaki ardhini. Ndiyo maana kibaraza chake hakikauki matope.

Juzi mama yangu, wifi yake, alimhurumia. Alipanda mlima tangu alfajiri, akarudi na kikapu kimejaa, akauosha uyoga, akakata mashina yenye udongo, akaupanga kwenye sinia.

"Wifi, leo nimekupunguzia kazi," akasema. "Tazama tu, tupike. Watu wana njaa."

Shangazi alishika mmoja, akaugeuza. Akashika wa pili, akapitisha kidole pale palipokatwa. Akakirudisha tena.

"Mwaga."

"Nimwage nini?"

"Wote."

Lo! Mama aliwaka. "Una roho mbaya wewe! Magoti yangu yamekwisha kwa huo mlima, na hata hujautazama vizuri!"

"Sioni."

"Huoni kwa sababu hutaki!"

"Sioni, wifi. Macho yameniacha tangu mvua za mwaka juzi. Napapasa kikombe kwa vidole, basi. Na leo kikombe umenikatia."

Mama alikaa chini. Mimi nikakumbuka masufuria yote tuliyokula kwa misimu miwili, tukiramba na vidole.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, mngempelekea nani? Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Mama akainuka, akaenda kumwaga sinia zima shimoni. Tulilala na chai.

Asubuhi vikapu vitatu vilikuwa vinasubiri kibarazani. Shangazi hakukaa kwenye kigoda chake. Alinikalisha mimi, akaushika mkono wangu, akauingiza kwenye udongo chini ya shina la uyoga mkubwa.

"Fumba macho. Hapo. Unasikia?"

Nilisikia, ukingo mwembamba, laini, umelizunguka shina. Nikatamani nisingesikia.

"Nasikia, Shangazi."

"Haya," akasema, akaenda kulala.