Vitanda Vilivyopelekwa Kukaguliwa

Nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo nje ya Katoro. Asubuhi moja lilikuja lori, na ofisa wa afya kutoka wilayani akaniambia niwatoe wagonjwa vitandani. Wakaguzi wa serikali walikuwa njiani kuangalia matumizi ya fedha za msaada wa kujiandaa na kipindupindu, na katika kituo kipya cha jirani vitanda vilivyoandikwa kwenye ripoti havikuwepo.

"Ni kwa saa chache tu, sista," alisema. "Jioni vinarudi."

Kwenye kitanda cha mwisho alilala bibi mmoja mwenye dripu mkononi. Tulimlaza kwenye mkeka, nikabaki nimeishika chupa kwa sababu hapakuwa na pa kuitundika. Aliniuliza kwa Kisukuma amekosa nini. Nilimwachia mwenzangu ile chupa, nikapanda lori pamoja na vitanda.

Kule kwenye kituo kipya nilimkuta mkaguzi, mama wa makamo, akiandika. Nilimpa shikamoo, kisha nikamwambia, "Mama, vitanda hivi ni vya kwetu. Wagonjwa wangu wako sakafuni."

Ofisa alicheka, akasema kazi imenichosha. Mkaguzi hakucheka. Alifunua shuka, akasoma jina la zahanati yetu kwenye godoro, akaamuru vitanda virudishwe saa ile ile.

Wiki mbili baadaye nilipewa barua ya uhamisho kwenda Isaka. Ofisa yule hakuhamishwa. Nasikia siku hizi ndiye anayewafundisha wenzake namna ya kuandaa ripoti za msaada.