Kioo cha Mwisho cha Thirza Wadleigh

Orrin Wadleigh alikuwa mbishi tangu utotoni, na mbishi akifiwa ubishi wake huzidi. Nasema mapema ili nisije nikaulizwa huko mbele, "Kwani alishindwa nini kumwuliza mwenzake?" Hakuuliza, basi. Bonde zima tulimjua hivyo, na bado tulimpenda, Mungu atusamehe.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kukereza vyuma, pale mtoni, kwenye meza ya vipimo. Na wanaume wa kiwanda kile walikuwa na ugonjwa mmoja. Mchana kutwa wanapima chuma mpaka sehemu ya unywele, wakirudi nyumbani, badala ya kulala kama binadamu wengine, wanashuka kwenye chumba cha chini kusaga vioo vya darubini. Unachukua vipande viwili vya kioo kizito. Kimoja unakikaza juu ya pipa, cha pili unakisugua juu yake kwa mchanga mkali na maji, huku unalizunguka pipa hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki, mpaka cha juu kichimbike kama kisahani. Halafu unaking'arisha kwa lami na unga mwekundu. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana umbo likikosewa hata kwa kiasi kisichofikia unene wa ukungu wa pumzi yako, nyota haiji nukta. Inakuja doa. Unarekebisha, unapima, unarekebisha tena, mpaka mke akuulize kama ulimwoa yeye au pipa.

Orrin hakuulizwa swali hilo, kwa sababu mkewe ndiye aliyemshinda. Thirza alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki, na vioo vyake vilikuwa bora kuliko vya wanaume wote wa bondeni. Yeye ndiye aliyetuwekea sheria ya jicho la pili: hakuna kioo kinachopakwa madini ya fedha mpaka mtu mwingine akitazame kwanza.

"Jicho lako linaipenda kazi yako," alikuwa akisema. "Litakudanganya mchana kweupe."

Basi cha Orrin alikitazama Thirza, na cha Thirza alikitazama Orrin, miaka yote ile. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa vioo ishirini na sita.

Orrin naye alikuwa mwalimu wa wageni wa kazi hii, na somo lake la kwanza tulilijua kwa moyo. "Ukiona nyota imerefuka, usikimbilie kukilaumu kioo," aliwaambia. "Kizungushe kioo kwanza. Urefu ule ukizunguka nacho, kosa ni la kioo. Usipozunguka, inamisha kichwa upande. Ukikifuata kichwa, kosa ni la jicho lako, nenda kanunue miwani, usitusumbue." Watu walicheka kila mara, na yeye alikuwa wa kwanza kucheka.

Kioo cha ishirini na saba kilikuwa cha Thirza, upana wa inchi kumi na mbili, kikubwa kupita vyote alivyowahi kuvishika. Alitaka kupanda nacho kilimani mwezi wa Agosti, siku ile wasagaji wa mbali wanapokuja na darubini zao kuonyeshana na kutambiana. Kabla hata hajaanza kuking'arisha, alichora jina lake mgongoni mwa kioo kwa kalamu ya chuma: T. Wadleigh, 1934. Kisha kifua kikamshika. Januari hakuweza tena kulizunguka pipa. Aliketi kwenye kigoda, kajiwekea shali mabegani, akaendelea kusugua akiwa amekaa. Orrin alikuwa zamu ya mchana na ya ziada. Akirudi anamkuta kajikunja kwenye kigoda, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Thirza, njoo ulale."

"Nikilala wewe utakigusa. Nakujua."

Jioni moja ya Februari alimshika mkono akamwambia, "Kimekwisha, Orrin. Usikiguse. Kipake fedha tu." Siku ya tatu akafa.

Huku kwetu Februari ardhi haichimbiki, ni jiwe. Majeneza yanawekwa katika nyumba ya mawe ya makaburini mpaka Mei, barafu iyeyuke. Kwa hiyo Orrin alikuwa mjane ambaye hajamzika mkewe. Kila akienda kazini anapita mbele ya mlango ule wa chuma, kila akirudi anapita tena. Na kazini kwenyewe walikuwa wamemtoa kwenye meza ya vipimo, wakampeleka kufunga masanduku, eti anakataa vyuma vizima akidai vimepinda. "Msimamizi mtoto yule," alisema, "hajui mstari ni nini." Tulimwitikia. Mtu kafiwa, utambishia nini?

Mapema Machi alikuta kioo kimeshawekwa ndani ya bomba la darubini, na alama ya chaki ya Thirza iko juu. Akaielekeza darubini ng'ambo ya bonde, kwenye ghala la nyasi la Bi Peaslee. Huko juu ya mlango tulitundika tufe la kioo la mapambo ya Krismasi. Jua likilipiga, mng'ao wake kwa mbali ni nyota tosha, huna haja ya kukesha nje kwenye baridi. Bi Peaslee alikuwa akituchokoza, "Semeni ukweli, mnachungulia nguo zangu kwenye kamba!"

Orrin akaweka jicho. Nyota ilikuwa ndefu kama punje ya shayiri. Akavuta lenzi ya kutazamia nje kidogo, punje ikasimama. Akaisukuma ndani, ikalala. Alijua, au alidhani anajua. Kosa la namna hiyo huja pale msagaji asipozunguka, akikandamiza upande mmoja siku zote. Kile kigoda! Mgonjwa kaegemea, mikono imechoka, kioo kimepinda. Alikaa chini kwenye theluji pale pale akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na mbili.

Kukizungusha kioo hakukizungusha. Ile chaki ilikuwa ya mkono wake Thirza, na hakuweza kuiondoa pale ilipo. Kuinamisha kichwa hakukumjia akilini kabisa. Mganga hajigangi.

Akaapa palepale kwamba hakuna atakayejua. Asije mtu kule kilimani kusema kuwa Thirza Wadleigh, yule aliyekuwa akitukosoa sote, amekufa ameacha kioo kilichopinda. Atakinyoosha yeye, kimyakimya, na jina mgongoni litabaki safi. Hilo tu ndilo lililomfanya aendelee kuishi.

Akaanza. Kila jioni anamimina lami, anapaka unga mwekundu, anasugua upande mmoja tu wa kioo, mipigo kumi, ishirini, anapumzisha kioo kipoe, anasubiri jua la Jumapili akipime tena. Akishaosha kioo, ndoo ya maji mekundu anaimwaga nje ya mlango wa nyuma. Theluji pale mlangoni ikawa nyekundu kama amechinja nguruwe. Mei ikafika, Thirza akazikwa, na Orrin akatoka makaburini na suti yake akaenda moja kwa moja kwenye pipa.

Kazik Wrona, fundi wa mashine ya kukereza, Mpolandi wa nyumba ya tatu, alikuwa akimletea kabichi na nyama alizopika mkewe. Kazik alifundishwa kusaga vioo na Thirza mwenyewe.

"Hivi mzee, kile kioo bado?" aliuliza siku moja ya Juni.

"Bado kidogo."

"Kidogo gani? Kipake fedha tukipandishe kilimani. Au nikusaidie jicho la pili?"

"Jicho la pili la nyumba hii nimelizika mwezi uliopita," Orrin akasema. "Acha sufuria mezani, uende."

Kazik akaenda zake. Alijua watu wengine hawawezi kuachana na kitu cha marehemu, wanakishikashika tu, wanakipangusa. Alidhani ndicho kinachoendelea mle chini. Angejua! Na Orrin naye, kwa kumfichia mkewe aibu, hakumwambia mtu hata neno. Wanaume wawili wanaoheshimiana, kila mmoja kanyamaza kwa adabu, na kioo kinaliwa katikati yao.

Jumapili ya mwisho ya Julai, saa nne asubuhi, Orrin aliweka jicho, akaona nukta. Nukta kamili, kali kama ncha ya sindano. Akavuta lenzi, akasukuma, duara lilifunguka na kufungika bila kusimama wala kulala. Akapiga mluzi. Tangu Februari hakuwahi kupiga mluzi. Akavuka ua wa nyuma, akamwita Kazik kabla huyo hajamaliza kahawa.

"Njoo! Sheria ni sheria, leo nataka jicho la pili. Njoo uone kazi ya Thirza."

Kazik akaja na kikombe mkononi, akainama kwenye lenzi. Akavuta nje, akasukuma ndani. Akaweka kikombe chini kwenye nyasi.

"Mzee, umeligonga bomba?"

"Nani? Mimi? Kuna nini?"

"Imerefuka."

"Wee Kazik, usinitanie leo."

"Sikutanii. Ni ndefu kama mdudu. Tazama mwenyewe."

Orrin akamsukuma pembeni, akatazama. "Nukta! Wewe una kahawa machoni."

Kazik hakucheka. Akaishika ile alama ya chaki, akauliza kwa macho, na kabla Orrin hajakataa akakizungusha kioo robo mzunguko. Akatazama tena. "Urefu umezunguka nacho," alisema polepole. "Kosa ni la kioo. Sasa njoo wewe."

Orrin akatazama. Nyota ilikuwa imechanika vibaya, ndefu kuliko hata ile ya Machi. Akarudisha chaki juu kwa haraka, nukta ikarudi. "Umeona? Hivi ndivyo kinavyotakiwa kukaa."

"Mzee," Kazik akasema, "inamisha kichwa."

"Usinifundishe somo langu."

"Nakuomba. Inamisha kichwa chako begani."

Orrin akainamisha. Nukta ikatanuka. Akainamisha zaidi, ikawa punje ya shayiri, ikageuka pamoja na kichwa chake, ikamfuata. Akanyoosha shingo, ikajikunja ikawa nukta. Alifanya hivyo mara tano, sita. Alikuwa mwalimu, hakuhitaji kuelezwa. Jicho lake ndilo lililopinda, labda miaka miwili sasa, na vile vyuma vizima vya kiwandani navyo alivikataa kwa jicho hilo hilo. Miezi mitano alikuwa akikipinda kioo ili kilingane na jicho lake. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kioo hiki kingemwonyesha nyota, tena akiwa amenyoosha shingo.

"Lakini alikaa kwenye kigoda," alisema. Sauti ilikuwa ya kuomba. "Hakuzunguka pipa, Kazik. Lazima kilikuwa kimepinda. Si lazima?"

Kazik alitamani amdanganye. Nami namjua, uongo mdogo haukumshinda kamwe. Ila hapa ulimkataa.

"Nilikuwepo," alisema. "Wewe ulikuwa zamu. Alinituma nimletee makaa, nikamkuta. Kila mipigo kumi anakizungusha kioo kwa mkono, anahesabu kwa mdomo, hakuruka hata mara moja. Wiki ile ya mwisho akaniambia nikiweke bombani nikakitazame, maana yeye ngazi hawezi. Mimi ndiye jicho lake la pili. Ilikuwa nukta, mzee. Sijaona nukta kama ile. Nilidhani alikwambia."

"Aliniambia nisikiguse."

"Basi."

"Aliniambia, Kazik! Kwa mdomo wake!"

Bi Peaslee kule ng'ambo alisikia ukelele ule, akasimama na nguo zake mbichi mkononi.

Kazik akasema wanavyosema watu pale wasipokuwa na la kusema, kwamba wataanza upya, kwamba atakuja kila jioni, kwamba kioo bado ni kinene na Agosti ya mwakani ipo.

"Tukikisaga upya kitakuwa changu na chako," Orrin akasema. "Chake nimekimwaga pale." Akaonyesha mlango wa nyuma, ambapo nyasi zilikuwa zimeota nyekundu kama kutu mpaka kwenye ua. Kazik akatazama, akaangalia kando. Maji yakimwagika hayazoleki.

Orrin akakitoa kioo bombani, akakibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akakilaza kifudifudi juu ya meza ya jikoni. Akavuta droo, akatoa ile kalamu ya chuma ya Thirza.

"Unafanya nini?" Kazik akauliza.

"Hawezi kubeba kosa langu. Mtu atakikuta siku moja, atakipima, atasoma jina, atasema huyu mwanamke hakujua kazi."

"Liache, mzee. Liache jina la watu."

Orrin akainama juu ya zile herufi nyembamba, akaweka ncha, ikateleza nje ya mstari. Akaweka tena, ikateleza. Akapangusa macho kwa mkono wa shati, akajaribu mara ya tatu, kisha akakaa na kalamu hewani. Kwa mara ya kwanza tangu Februari akaomba msaada.

"Siioni T vizuri," alisema. "Niongoze."

Kazik akainama karibu na bega lake.

"Kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Hapo, mzee," Kazik akasema, na Orrin akaanza kukwaruza.