Blogu ya Mwenzangu wa Ghorofa ya Sita

Mwaka wangu wa pili Minnesota nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja katikati ya jiji la Minneapolis. Mwenzangu wa ghorofa ya sita alikuwa mwanamke kutoka Meksiko, mama wa mabinti wawili, mcheshi, mwenye mikono myepesi kuliko yangu. Sote tulikaa Richfield, mji wa jirani, na kila asubuhi tulipanda basi moja. Humo ndimo alimoniambia kwamba anaandika blogu kwa Kihispania, kuhusu haki za wahamiaji na wafanyakazi.

"Ina wasomaji wangapi?" nilimwuliza.

"Dada yangu. Na shemeji, akilazimishwa."

Tulicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo. Nikamwomba anifasirie makala yake ya mwisho kwa Kiingereza chetu cha kazini. Alianza na historia ya ubepari. Vituo vitano vikapita, bado sijakutana na mtu hata mmoja ndani ya makala.

"Dada, humu hamna watu," nikamwambia. "Mbona huandiki ile siku ya homa?"

Majira ya baridi yaliyotangulia alikuja kazini akiwa anatetemeka kwa homa, kwa sababu ukikosa siku, umekosa mshahara wa siku. Aliketi kitandani avalishe mto foronya, akapitiwa na usingizi palepale, kwenye kitanda cha mgeni. Nilimfunika, nikamalizia vyumba vyake.

"Nani atasoma habari za homa?"

"Mimi ningesoma."

Aliandika Jumapili, kifupi, na mwisho akauliza: wewe je, uliwahi kwenda kazini mgonjwa? Majibu yakaanza kuja. Wapishi, waezekaji paa, mama aliyempeleka shule mtoto mwenye homa ili yeye asikose kazi. Wengine walimwambia hawana nafasi ya kusoma, basi akaanza kujirekodi sauti wamsikilize wakimenya vitunguu. Tulibandika vikaratasi vyenye anwani ya blogu kwenye duka la mikate na sehemu za kufulia nguo.

Kisha tukasikia baraza la jiji litawasikiliza wananchi kuhusu sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Safari hii hakuhubiri. Aliandika basi la kupanda, mlango wa kuingilia, kwamba mkalimani atakuwepo, na kwamba watoto waje tu. Nami nikaigeuza makala hiyo kwa Kiswahili, nikaisoma kanisani kwetu baada ya ibada. Mama mmoja aliyetoka Kivu akauliza, "Hata sisi bakongomani tunaweza kuingia?"

"Hasa nyinyi, mama," nikamjibu.

Siku ya kikao mwenzangu alinishika mkono kwenye ngazi za jengo la baraza. Alisema wakija watu kumi atamshukuru Mungu. Tulipofungua mlango, ukumbi ulikuwa umejaa na wengine wamesimama ukutani. Mama zetu wa Kongo walikuja na vitenge vyao vya Jumapili. Mwenye duka la mikate alileta sanduku zima la mikate, akawa anagawa kimyakimya, hata kwa mlinzi.

Mwenzangu alipoitwa kuzungumza, alieleza ile homa. Alipofika kwenye usingizi wa kitanda cha mgeni, madiwani wenyewe walicheka, kisha wakamsikiliza hadi mwisho. Wakati wa kutoka, mpishi mmoja alimsogelea. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Nimekujua kwa sauti," alisema. "Wewe unakaa nami jikoni kila siku."

Mwenzangu aliweka mkoba chini. Akamkumbatia.

Sheria ilipita, hata kwa siku za kuuguza mtoto. Asubuhi ya kwanza aliyoitumia, binti yake mdogo alikuwa na koo linalouma. Alinipigia nikiwa navaa viatu.

"Leo siji, dada. Nampikia mtoto supu."

"Msimamizi umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema, apone haraka."

Akarudia maneno hayo mara mbili, kwa Kiingereza halafu kwa Kihispania, huku nikimsikia mtoto akiuliza kama supu imeiva.