Ukuta wa Kaskazini

Marlène Kapinga alianza kujifunza Kiingereza akiwa mtu mzima, kwa sababu alikuwa akipika na kuhudumia meza kwenye kantini ya wahandisi wa kigeni, mgodini kando ya Kolwezi, na alichoka kuitikia "yes" kwa kila kitu. Maneno aliyashika upesi. Vitenzi ndivyo vilivyomsumbua. Kila akitoka kazini alipitia ukumbi wa parokia, alikofundisha Mwalimu Tshimanga.

Mumewe, Lucien Beya, aliendesha mashine ya kuchimba, chini kabisa ya shimo.

Asubuhi moja, akimimina kahawa, Marlène alimsikia mhandisi akimwambia mwenzake: "The north wall has been moving." Ukuta alijua. Kusogea alijua. Yale maneno mawili ya katikati ndiyo hakuyaelewa. Mwenzake aliuliza tangu lini, akajibiwa: tangu mvua. Kisha wakamwona amesimama na birika, wakanyamaza. Mayai yao yalipoa sahanini.

Jioni akamwuliza mwalimu.

"Moved, kitu kilisogea, kikaacha," alisema Tshimanga. "Is moving, kinasogea sasa hivi. Lakini has been moving, mama, ni kitu kilichoanza zamani na mpaka leo hakijaacha." Akageuka na chaki mkononi. "Kitu gani hicho?"

Marlène alikuwa ameshafika mlangoni.

Alimkuta Lucien anakula bukari.

"Tata Lucien, kesho usishuke mu shimo."

"Juu ya nini?"

"Ukuta ya kaskazini iko inatembea. Ilianza tangu mvua, na bado haijaacha. Nilisikia bazungu banasema."

"Beko na mashini ya kuipima. Kama ni mubaya, batatuambia."

"Baliponiona, balinyamaza."

Lucien akaacha kula. Siku hizo vijiwe vilikuwa vinadondoka juu ya paa la mashine yake, hata wakati hakuna baruti iliyolipuliwa. Hakuwa amemwambia mtu. Akampigia simu Dady, mwenzake wa zamu, akamweleza yote. Dady alicheka mpaka Marlène akamsikia.

"Bibi yako amesoma kidogo tu, tayari iko ingénieur?"

Kesho yake Lucien alisema anaumwa. Mashine yake akapewa Dady.

Marlène alikuwa anapanga vikombe vilipoanza kutetemeka vyenyewe. King'ora cha baruti hakikulia. Wahandisi waliinuka wote kwa pamoja, na hakuna aliyeuliza ni nini. Alipotoka nje, vumbi jekundu lilikuwa limefunika upande wote wa shimo, na ndani yake hamkusikika injini hata moja.

Dady walimtoa baada ya siku nyingi. Matangani, mkewe Tshiela alimshika Marlène mkono.

"Balikuwa banajua?"

"Balikuwa banajua."

"Na weye?"

Marlène alitaka kusema kwamba Lucien alipiga simu, kwamba Dady alicheka. Alimtazama yule mwanamke, akaitikia kwa kichwa tu. Tshiela akauachia mkono wake, taratibu, akahamia upande mwingine wa mkeka.

Lucien hakushuka tena shimoni. Alipata kazi ya kuendesha lori la kwenda Dilolo. Marlène aliporudi kantini, msimamizi alimwambia, bila kumtazama usoni, kwamba kuanzia siku ile atafua mashuka kwenye jengo la nyuma, peke yake. Mezani aliwekwa mwanamke mwingine, asiyejua Kiingereza hata kidogo.