Mfuko wa Miguu kwa Kigari cha Mjukuu

Naanza kwa kutenganisha mambo. Niliyoyaona ni haya: mtoto wa kwanza wa binti yangu alizikwa Mungaa, na mimi ndiye niliyempima kwa bua la mtama ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Niliyoyasikia ni kwamba mtoto aliye hai akipimwa kwa bua, ardhi huanza kumngoja. Hilo sijalithibitisha, wala sikuliamini.

Mjukuu wa pili alizaliwa kabla ya wakati, kifua chake dhaifu. Upepo wa kipupwe hapa Unyambwa hauna huruma, na blanketi alikuwa akilipiga teke likaanguka. Binti yangu alikuwa na kigari cha mtumba cha kumsukumia kliniki. Kilichokosekana ni ule mfuko mnene unaofungwa juu ya kiti, mtoto akatumbukizwa miguu hadi kifuani. Kazi ya kuuchagua nilipewa mimi. Ukibana, miguu hufa ganzi; ukipwaya, mtoto huteleza ndani, uso ukafunikwa. Nilihitaji kipimo, nikakata bua uani.

Mke wangu alinipokonya, akalivunja gotini, akaniuliza:

"Baba, umekosa kamba nyumba nzima?"

"Bua ni bua tu."

"Basi anza kujipima wewe!"

Binti yangu hakucheka. Alimvutia mtoto kifuani, akasema, "Twende naye sokoni. Ataujaribu mwenyewe, kama kiatu."

Tulimsukuma kigarini hadi mitumbani. Muuzaji aliniamkia kwa heshima, kisha akatandaza mfuko mkubwa wa buluu. "Huu babu, mtoto atalala mpaka aote ndevu!"

"Hatutaki alale hivyo," binti yangu alimjibu.

Tulimwingiza mtoto, tukapandisha zipu. Akateleza polepole: kidevu kikazama, kikafuata kinywa, pua, mpaka likabaki paji la uso peke yake. Paji kama lile nililiona Mungaa, likichungulia katika shuka jeupe. Kabla sijainua mkono, mama yake alikwisha kumchomoa.

Mfuko wa pili ulikuwa mfupi, rangi yake imechujuka. Ukingo wake uliishia kwapani, na mgongoni ulikuwa na matundu ambamo mikanda ya kigari ilipita ikamshika mabega. Nilimvuta miguu kwa nguvu kidogo, hakushuka. Kifuani vidole vyangu viwili vilipenya bila kulazimisha. Tukauchukua huo.

Asubuhi ya kliniki upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi. Jirani mmoja alichungulia kigarini akasema mtoto amepauka kama yule wa kwanza. Yule wa kwanza hakuwahi kumwona; nikasukuma kigari mbele. Lakini tulipofika barabarani, ambako binti yangu angeendelea peke yake, nilisimamisha kigari, nikaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto. Mama yake alinitazama usoni.

Pumzi ilinigusa, ya joto. Nikangoja. Ikaja nyingine.