Hodi Juu ya Bati

Niite mwongo ukipenda, nimeshazoea. Fundi simu wa mlango wa pili aliniita mwongo, kaka yangu akaniita mgonjwa, na mchungaji wangu akanishauri nipunguze kukaa juani. Wote nimewasikiliza, na bado nasema haya yalinitokea mimi, na akili zangu timamu, Kariakoo, saa tisa mchana. Najua ulitarajia nikuambie usiku wa manane. Pole, siku hiyo jua lilikuwa linawaka kweli kweli.

Mimi ni mwanamke, kwetu Kilimanjaro, na kazi yangu ni kurusha droni, vile vyombo vyenye mapanga manne na kamera tumboni. Napiga picha za harusi, za maghorofa, za viwanja vinavyouzwa. Kibali ninacho. Nilikuwa na droni moja tu, niliyoiunganisha kwa mikono yangu, na nilijua ikivunjika kabisa narudi dukani kwa kaka kuuza masufuria. Masufuria siyapendi, sikufichi.

Basi akaja dalali mmoja, tumwite Rashidi. Kuna nyumba ya zamani ya Waarabu imebanwa katikati ya maghorofa, bati limeota kutu, ndani ina ua wa wazi. Rashidi alikuwa na tajiri anayetaka kuinunua aibomoe. Warithi wako mbali, mlango una kufuli, kwa hiyo alitaka picha za ndani kutoka juu. Nikaona ni kazi ya dakika kumi.

Nikarusha nikiwa juu ya paa la ghorofa la jirani. Droni ilipofika tu kwenye ule ua, mapanga yote manne yakasimama. Hayakusuasua, yalisimama. Ikajitupa kwenye bati la nyumba ya pembeni, mguu ukavunjika.

Unajua nililaumu nini? Nililaumu ubongo. Ndivyo tunavyokiita kile kibao cha katikati kinachopokea amri za rimoti na kuamua kila panga lizunguke kwa kasi gani. Ubongo ukichoka, droni ni tofali. Nikautoa nikaweka mpya, nikaukalisha juu ya vipira ili mtikisiko usiufikie, nikasogeza dira mbali na nyaya. Siku mbili nzima nikaijaribu uwanjani Jangwani, haikutetereka. Nikarudi Kariakoo. Kwenye ule ua ikazimika tena, ikaangukia bati lile lile.

Chombo hiki huandika kila kinachokipata, kwa hiyo nikafungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Zilisema amri ya kuzima ilitoka kwenye rimoti. Niamini, vidole vyangu havikugusa kitufe hicho. Mama Zuhura, muuza kanga wa pale chini, akaniambia, "Dada, ile nyumba ina wenyewe. Achana nayo."

"Wenyewe wameweka kufuli, mama," nikamjibu. "Mimi napita juu."

Nilikuwa na hasira. Miaka yote hiyo ya kuchomelea nyaya, halafu niambiwe nimeshindwa na jini? Nikarusha mara ya tatu. Ikazimika, na safari hii ikadondokea ndani ya ua wenyewe. Nikashuka ngazi mbio huku nikijua nimebakiwa na chuma chakavu. Nikakuta mlango wa ile nyumba uko wazi, kufuli linaning'inia kwenye komeo. Nikaingia moja kwa moja.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanamke mtu mzima, kajifunga kanga kifuani, nywele ndefu nyeupe zimelowa. Droni yangu ilikuwa mapajani mwake, haina hata mkwaruzo. Kamera alikuwa ameifunika kwa kiganja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hukupiga hodi."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Sisemi mlango." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Mara tatu unaniingilia niko kichwa wazi."

Hapo ndipo nikaona. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye nywele zake, na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Nikarudi nyuma hatua moja. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza, ndivyo nilivyozaliwa.

"Bibi, hiki chombo ndicho kinachonilisha. Umekiangusha mara tatu."

"Nimekizima mara tatu. Leo nimekidaka, maana nimeona huambiliki."

"Nitakirusha tena."

Akacheka kidogo. "Rusha. Mji si wangu. Ila ukifika kwangu piga hodi. Ukipiga tatu hujaitikiwa, unajua cha kufanya."

Nilijua. Nani asiyejua? Hodi tatu bila karibu, unageuza unaondoka.

"Ungekuwa mwanamume nisingekurudishia," akasema, akanipa droni. Mota zikitoka kazini huunguza vidole. Hizi zilikuwa baridi kama soda ya kwenye friji.

Nilipotoka nikageuka nimshukuru. Mlango ulikuwa umefungwa, na kufuli lilikuwa na kutu hadi kwenye tundu la ufunguo. Mama Zuhura alikuwa ng'ambo ya barabara, kashika kifua. "Dada," akasema, "robo saa nzima umesimama hapo unaongea na mbao."

Na droni mikononi mwangu ilitoka wapi, basi?

Kesho yake Rashidi akapanda nami juu ya ghorofa. Nikarusha, nikaisimamisha kabla haijavuka ukuta wa ile nyumba, nikaita hodi kwa sauti. Rashidi akacheka. Nikaita ya pili, nikaita ya tatu. Nilisikia honi na spika za wauza nguo tu. Nikaigeuza droni.

"Vipi?" akauliza.

"Wenyewe hawajaitikia."

"Wenyewe gani? Nitatafuta mwingine, na Kariakoo hii hupati tena kazi ya dalali."

Masufuria ya kaka nilikuwa nayaona hivi hivi. Lakini nikamwambia, "Tafuta. Na huyo tajiri wako mwambie aje apige hodi mwenyewe."

Tangu siku ile droni haijaanguka. Lakini kila inapopita juu ya ua wa mtu, iwe Kariakoo iwe Buguruni, kamera inajiinua yenyewe inatazama mbinguni mpaka imevuka. Nimebadilisha ubongo mara mbili, nikabadilisha na kamera, bado. Madalali wamenikimbia kwa hilo. Waende tu. Harusi zinanitosha, na ile nyumba bado imesimama.

Nawe unayerusha hivi vyombo, sikia. Kibali kinakupa anga, hakikupi ua wa mtu. Simamisha, piga hodi tatu. Usipoitikiwa, geuza. Na ukiitikiwa karibu huku mlango una kufuli, geuza haraka zaidi.